Usukani Unaokunjika

Mkwe wangu alipotaka nimtengenezee usukani wa kukunjika, nilisema hapana kabla binti yangu hajamaliza kueleza. Kitu cha kuongozea chombo hakikunjwi. Nimechomelea mageti, madirisha, vitanda na mabodi ya malori tangu mume wangu afariki na kuniachia karakana hii ya Morogoro, na jambo moja ninalolijua kuhusu bawaba ni kwamba kila bawaba hulegea. Geti likilegea unaliinua kidogo kwa mguu na maisha yanaendelea. Usukani ukilegea ni habari nyingine.

Binti yangu alikuwa anapiga simu kutoka Dar es Salaam, ambako yeye na mumewe wanaishi ndani ya boti ya matanga. Waliinunua ikiwa kuukuu kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, wakaikarabati, na sasa wanapeleka watalii kwenye visiwa vidogo na kuwarudisha. Watalii wakishuka, wao wanabaki. Wanapika humo, wanalala humo, nguo wanazianika kwenye kamba za tanga. Binti yangu anapaita nyumbani, na tangu waoane sikuwahi kukanyaga huko nyumbani kwao. Kila aliponialika nilikuwa na kazi. Kazi zilikuwepo kweli, sikudanganya, lakini karakana ina fundi mwingine na siku hizi kuna treni ya umeme, hupati hata muda wa kusinzia. Binti yangu alikuwa ameanza kuacha kunialika, na hilo lilinisumbua kuliko mialiko yenyewe.

Sababu ya kutokwenda sikuwahi kuisema, maana niliona haihitaji kusemwa. Mimi ni mtu wa milimani. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa mwili mzima: hawapeani mikono, hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni, hawabanani mlangoni. Mume wangu alipokuwa anapanda kuja kwetu Uluguru, njia ilikuwa nyembamba, upande mmoja ukingo na upande mwingine mteremko. Mama yangu akimwona kwa mbali alikuwa anaingia kwenye shamba la maharage lililo karibu, la yeyote yule, anageuza mgongo na kujibu salamu akiwa humo humo katikati ya maharage. Mume wangu anapita. Mama anarudi njiani na kukung'uta miguu. Hakuna aliyecheka, na mwenye shamba hakulalamika.

Najua hapa mjini mambo yamebadilika. Nimeona kwenye ukumbi wa harusi bwana harusi akimkumbatia mama mkwe, na mpiga picha akiwaomba warudie kwa sababu taa haikukaa vizuri. Wafanye, sina ugomvi nao. Mimi siwezi, na sioni kwa nini nijilazimishe nikiwa na umri huu. Mkwe wangu ni mtu wa Tanga, na siku ya posa alikaa vizuri, akainamisha macho vizuri, kwa hiyo kwa upande huo sikuwa na la kusema. Ila nilimwona mtu mwepesi. Mtu mzima na akili zake anayeishi juu ya maji, mahali ambapo hata uzio huwezi kujenga, nilishindwa kumpa uzito.

Basi, usukani. Sababu niliyopewa ilikuwa nafasi. Usukani wa boti yao ni duara kubwa lililosimama wima, limeshikwa na nguzo katikati ya kile ninachokiita kibaraza: sehemu ya nyuma iliyozama kidogo, yenye benchi kila upande, ambako abiria hukaa na mwendeshaji husimama. Mtu hupandia nyuma kwa ngazi. Akitaka kwenda ndani, kwenye kivuli, vyumba vya kulala na choo, lazima apite kando ya usukani, na usukani umeacha upenyo wa paka. Ama apande juu ya benchi akishika anachoweza kushika, ama ajibane kati ya benchi na mwendeshaji. Mkwe wangu alitaka pande mbili za duara zikunjike kuelekea mbele, kama mbao za dirisha, ibaki sehemu ya katikati tu. Sehemu hiyo iwe bado inaongoza boti wakati mtu anapita. Akishapita, pande zinafunguliwa na duara linarudi kama lilivyokuwa.

Haya yote niliyapata kwa mzunguko, kwa sababu mimi na yeye hatuzungumzi moja kwa moja. Alikuwa anarekodi ujumbe wa sauti kwenye simu, lakini anamrekodia mkewe, na mkewe ananitumia mimi. Nilikuwa nakaa kwenye stuli ya karakana nikisikiliza sauti ya mwanamume ikisema, mwambie mama kwamba nguzo ni nene kuliko inavyoonekana kwenye picha, mwambie mama kwamba chumvi inakula kila kitu. Mimi nami nilikuwa narekodi, mwambie mumeo hivi, mwambie vile. Binti yangu alisomea mambo ya hoteli, chuma hakijui. Alikuwa mlango tu kati ya vyumba viwili, na nadhani wakati mwingine alichoka kuwa mlango.

Nilipendekeza duara dogo. Jibu likarudi kwamba duara dogo linataka nguvu nyingi upepo ukikaza. Nikapendekeza usukani wa kuchomoa, unautundika ukingoni mtu anapopita. Jibu likarudi kwamba boti haisimami kumsubiri mtu apite. Hapo alikuwa sahihi, nikaudhika. Nikamwambia binti yangu kwamba niliwahi kuletewa lori lililopinduka karibu na Dumila na vitunguu vyake vyote, na aliyelileta aliniambia tatizo lilianza na mchezo mdogo tu kwenye usukani. Binti yangu alisema atamfikishia. Sauti iliyorudi ilikuwa ya upole: mwambie mama ndiyo maana nimemwomba yeye, sikumwomba mtu mwingine.

Nilikubali kwa ukaidi zaidi kuliko kwa mapenzi. Mtu mwingine akiniambia jambo haliwezekani naachana nalo. Nikijiambia mwenyewe, linaninyima raha. Nilikuwa nachomelea geti la watu huku nafikiria kiungo ambacho kitakunjika kikitakiwa na kikishanyooka kitakuwa kigumu kama bomba zima. Jibu lilikuwepo kwenye komeo la geti lenyewe. Bawaba ikae ndani ya bomba, halafu juu yake kuwe na bushi, yaani kipande kifupi cha bomba pana kidogo, kinachotelezeshwa kufunika kiungo na kufungwa kwa pini. Bushi ikiwa imefunika, bawaba haina pa kulegea. Ukitaka kukunja, unavuta pini, unasogeza bushi, basi.

Fundi wangu, mtu wa Mgeta, mwembamba na mwenye maneno mengi, aliuliza kama tumehamia kwenye uvuvi. Tuliagiza mabomba ya stenlesi yasiyoshika kutu. Kukunja bomba kuwa duara si kazi ya nguvu peke yake. Unalijaza mchanga mkavu, unaziba ncha zote mbili, ndipo unalizungusha taratibu kwenye kitu cha mviringo, la sivyo linabonyea. Kitu chetu cha mviringo kilikuwa ringi ya nyuma ya trekta, iliyotoka kwenye mashamba ya miwa miaka mingi iliyopita na kukaa uani ikifuga kuku. Kuku wakahamishwa, na kwa siku kadhaa walirudi kila mara kuangalia tunafanya nini na nyumba yao.

Ili nijue kama upenyo unatosha, nilichora boti kwa chaki kwenye sakafu ya saruji uani. Vipimo vya kibaraza nilitumiwa. Benchi za pembeni nilitumia vitanda viwili vya chuma vilivyokuwa vinasubiri wenyewe, na nguzo ya usukani nilisimamisha bomba kwenye ringi ya gari ndogo. Mbele, pale penye mlango wa kuingilia ndani, niliweka kiti cha plastiki. Milima ilikuwa nyuma yetu na wingu lake la kila siku. Majirani walikuja mmoja mmoja kuuliza ni nini, nikawajibu ni boti, wakaondoka wakiwa na heshima ya kupindukia. Nadhani waliona umri umenifikia.

Mkwe wangu alikuwa ameomba bawaba zikae karibu sana na kitovu, ili usukani ukikunjwa ubaki mwembamba. Pia alikuwa ameomba upenyo mkubwa, mkubwa kupita kiasi kwa maoni yangu, na alikuwa amelirudia hilo kwenye ujumbe zaidi ya mmoja: mtu apite bila kumgusa anayeendesha. Niliona ni madaha ya kitalii. Bawaba ikikaa karibu na kitovu inabeba mzigo wote wa mkono wa mwendeshaji, kwa hiyo niliisogeza nje kidogo, pale chuma kilipotaka. Nikamsimamisha fundi wangu nyuma ya usukani, nikakunja pande zote mbili, nikapita kando yake. Nilipita bila shida. Nikamtumia binti yangu ujumbe aje auchukue.

Alikuja kwa treni, akashuka na kapu la samaki waliokaangwa na boga moja ambalo hakulieleza. Alinisalimia shikamoo kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kwa jambo. Nilimwonyesha usukani ukiwa wazi, akausukuma huku na huku, haukucheza hata kidogo. Nilivuta pini, nikakunja, nikafungua, nikakunja tena. Alifurahi, akaupiga picha, akamtumia mumewe. Kisha akaingia ndani ya mistari ya chaki, akasimama nyuma ya usukani uliokunjwa, akashika pande zote mbili kwa mikono yake.

Hakusimama kama fundi wangu alivyosimama. Alipanua miguu, akapanua na viwiko, akavuta pumzi ili kifua kijae. Alikuwa anamwigiza mtu. Akaniambia nipite. Nilianza kupita na khanga yangu ikagusa kiwiko chake.

"Haitoshi, mama," alisema.

Nilimwambia inatosha kabisa, kwamba fundi wangu alisimama hapo hapo nikapita vizuri. Akasema fundi wangu ni mwembamba kama ufagio, mumewe sivyo. Nikasema wageni wa siku hizi hawajali, wanabanana na mtu wasiyemjua wanacheka, khanga kugusa kiwiko si msiba. Nilianza kumweleza habari za bawaba na mzigo. Aliniacha nimalize, na jinsi alivyoniacha nimalize ilinifanya nimalize haraka.

"Wageni hawakuwa na shida, mama. Wanambana wanapita, miaka yote hii. Huu usukani hakuuomba kwa ajili ya wageni. Alisema, mama hawezi kuja mahali ambapo lazima amguse mkwewe ndipo apite. Alisema kosa si la mama, ni la boti."

Niliona aibu, kisha nikakasirika, kwa mpangilio huo. Nilimkasirikia yeye kwa kunificha, akasema mumewe ndiye aliyemkataza, kwamba mtu hatangazi heshima, anaitengeneza tu na kunyamaza. Nikamkasirikia mumewe kwa kuwa na akili kuliko nilivyomkadiria. Mimi nilikuwa nimekaa Morogoro nikijiona mlinzi wa adabu za ukwe, na huko baharini kulikuwa na mtu anayezifikiria kuliko mimi. Kilichonichoma zaidi ni kosa lenyewe la kifundi. Sikuwahi kutengeneza kiti bila kuuliza atakayekikalia ana ukubwa gani. Hapa nilikuwa nimepima nguzo, benchi, duara na chaki, na mtu wa kusimama katikati sikumpima, kwa sababu katika miaka yote ya ndoa ile sikuwahi kumtazama. Ungeniuliza mkwe wangu ni mnene au mwembamba, nisingejua. Nilijua kandambili zake tu, maana ndizo zilizokuwa mbele ya macho yangu kila alipokuja.

Nilichukua grenda nikakata bawaba zote mbele ya binti yangu. Alidhani nimesusa. Nikamwambia ampigie mumewe aje, na aje mwenyewe, vipimo vya mtu havitumwi kwa simu.

Alifika keshokutwa yake. Alikataa kulala kwangu kabla sijapata nafasi ya kutomkaribisha, akalala kwa fundi wangu, na naambiwa walizungumza kuhusu kuku. Asubuhi alikuja karakana, akasalimia kutoka getini akiwa ameinama, nami nikaitikia nikiwa nimegeukia ukuta, kama inavyopasa. Binti yangu akamwonyesha boti ya chaki. Alipofika ukingoni mwa mstari alisimama, akavua viatu, akavipanga pembeni, ndipo akaingia. Kwenye boti yao watu wanatembea pekupeku. Aliingia kwenye chaki yangu kama anavyoingia kwake.

Binti yangu alishika futi, akamzungushia mabegani, akampima kutoka kiwiko hadi kiwiko, akanisomea. Lakini namba hazikunitosha. Nilihitaji kujua anasimamaje, uzito anauweka mguu gani, mkono upi anautanguliza. Fundi hawezi kupima asichokitazama. Basi nikageuka kutoka ukutani na kumtazama mkwe wangu, kutoka miguuni hadi usoni, kwa utulivu, kama ninavyotazama geti kabla ya kulipokea kazi. Alikuwa ameelekeza macho yake juu milimani na hakuyatoa huko. Alikuwa mtu mpana, mwenye mabega ya kazi. Ndevu zilikuwa na mvi ambazo sikuzitegemea. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo, na kwenye viganja kulikuwa na alama za kamba. Hakuwa mwepesi hata kidogo. Nikageuka tena ukutani na kuanza kuchora.

Siri ilikuwa kwenye viwiko. Usukani wangu wa kwanza ulipokunjwa, mikono yake ilibaki mbali na mwili, viwiko vikatoka nje na kuziba njia niliyodhani nimeifungua. Ili viwiko virudi ubavuni, mikono ilipaswa kukaribiana kifuani, na ili ikaribiane, bawaba zilipaswa kukaa pale pale alipoziomba tangu mwanzo, karibu na kitovu. Mzigo niliouogopa niliutafutia dawa kwa kuweka mikono miwili ya chuma ya kushikia duara mahali penye mmoja, na bushi ndefu zaidi. Kazi ilichukua siku kadhaa. Mkwe wangu alikaa upande wa pili wa ua akisugua mabomba kwa msasa, mgongo wake kwangu na wangu kwake, na binti yangu akitembea katikati na maneno. Mwambie mama bushi hii inakwaruza. Mwambie mumeo aitie msasa mwembamba. Fundi wangu alisema hajawahi kuona karakana yenye adabu namna hii, nikamwambia afunge mdomo achomelee.

Siku ya kuujaribu, majirani walikuwa wameshasikia. Walisimama nje ya geti wakijifanya wanapita. Tulifunga usukani kwenye nguzo yake ya bandia. Mkwe wangu alivua viatu, akaingia, akasimama. Binti yangu alikaa kwenye kitanda kilichokuwa benchi. Mimi nilikaa kwenye kitanda kingine, upande wa nyuma, kama mtu aliyetoka kupanda ngazi ya boti na anataka kwenda ndani.

Niliinuka. Bila kugeuka, alivuta pini, akasogeza bushi, akakunja upande wa kulia, akakunja wa kushoto, mikono yake ikarudi kifuani na kushika sehemu nyembamba iliyobaki. Aliendelea kuyumbisha usukani kidogo kidogo, kama vile kweli kuna maji chini yake, na uso wake akaugeuzia upande wa pili. Nilikusanya khanga yangu, nikapita kati yake na kitanda. Kati yetu palibaki nafasi. Sikugusa bega wala kiwiko, na khanga haikugusa kitu. Nilifika kwenye kiti cha plastiki, nikakaa, na nyuma yangu nikasikia pini zikirudi mahali pake. Nilifurahi sana, na sikutaka mtu anione, kwa hiyo nilikaa nikiwa nimewapa mgongo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Binti yangu hakuuliza kama sasa nitakuja kwao. Alikuwa ameniuliza mara nyingi mno miaka iliyopita na nadhani aliogopa kuuliza tena. Nilimsikia akiinuka kitandani, kisha akakaa tena.

"Mwambie mumeo," nilimwambia, "bawaba za upande wa kushoto ndizo zitakazoliwa na chumvi kwanza. Azitie grisi kila wiki. Na mwambie siamini watu kwenye mambo ya grisi. Mwezi ujao nitakuja kuzikagua mwenyewe, na nitalala, kwa sababu ukaguzi wa haraka haraka siufanyi."

Alimgeukia mumewe na kumwambia neno kwa neno, ingawa mtu huyo alikuwa amesimama karibu nasi sote, ndani ya chaki ile ile, na masikio yake mazima. Mkwe wangu alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akamjibu mkewe.

"Mwambie mama, karibu nyumbani."

Binti yangu akageuka akaniambia, nami nikamsikiliza kana kwamba sikuwa nimesikia.